Koti la Nyumba Mia

Mtaa wa Tanuri, siku ya tisa ya mwezi wa pili

Kwa Shangazi yangu, Mtawa Zhirou,
Hekalu la Chemchemi ya Juu

Shangazi, nakuamkia kwa heshima. Natumaini baridi imeanza kukuachia magoti. Naandika mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue ndiye.

Tangu uje harusini kwangu, ukala tofu ukaondoka, hatujaonana. Sasa nina binti. Ameingia mwaka wa tatu. Tunamwita Douya, chipukizi la maharage, maana mama mkwe alisema tukimpa jina la fahari, wabaya wasioonekana watamtamani. Ni mgonjwa mgonjwa. Homa ikitoka, kikohozi kinaingia. Sijapata usingizi wa kueleweka tangu azaliwe, na wakati mwingine nakoroga uji nikashtuka kumbe sufuria haina kitu.

Juzi mama mkwe akaniambia, "Una shangazi mlimani anakula uyoga wa bure na kuongea na miungu, anatufaa nini? Mpeleke huyu awe mtoto wa hekalu." Sijui alimaanisha wa jina tu, kama watoto wengine wanavyoandikwa na kuvishwa kufuli la shaba shingoni wakarudi kwao, au alimaanisha aende akae. Nilimuuliza. Akajibu, "Watakavyo wenyewe huko juu." Mume wangu Guangfu alisema atafuata nitakaloamua, kisha akarudi tanurini kwenye vigae vyake. Ndivyo anavyonisaidia.

Kwa hiyo nakuuliza, Shangazi. Umpokee kwa jina. Na ningependa kujua pia, nauliza tu, kama hekalu huwa linapokea mtoto akae moja kwa moja.

Nakumbuka zamani, kabla hujapanda huko, ulivyokuwa ukimenya njegere uani na kutuhadithia wale wazee wa mapangoni, wanaoulizwa jambo kubwa la mbingu na ardhi wakajibu kwa kumtuma mtu akalishe nguruwe. Baba alikuwa anakereka. "Wewe, hadithi zako ni mchuzi usio na chumvi!" Nawe unamjibu, "Chumvi watatia wenyewe, kaka." Sijawahi kumjua mtu mwingine aliyeweza kumnyamazisha Baba akiwa bado anacheka.

Ninatuma kiatu kimoja cha Douya, kama desturi inavyotaka.

Mwanao,
Suyun


Hekalu la Chemchemi ya Juu, wiki ya pili baada ya siku ya majira ya Wadudu Kuamka

Suyun mwanangu,

Wadudu wameamka kweli, na wa kwanza ameanza kwa kuniuma mimi. Magoti yangu hayajambo. Tuko watatu hapa: mimi na mbuzi wawili, na hao mbuzi ndio wanaotawala.

Kiatu nimekipata. Nitampokea Douya kwa jina. Lakini unajua sharti: lazima mtoto aje amevaa koti la nyumba mia. Usihesabu sana hiyo mia, ilimradi ziwe nyumba nyingi. Kila nyumba itoe kipande cha nguo yake, na kiombwe na mama kwa mdomo wake, mtoto akiwa mgongoni. Uvishone pamoja, utuletee. Sababu za desturi hii ni nyingi na mimi sitakwambia hata moja.

Badala yake nakupa hadithi, kwa kuwa umeitaja njegere.

Palikuwa na mtu aliyelima figili chini ya mlima. Kila asubuhi kivuli cha mlima kililala juu ya shamba lake, na figili zikawa nyembamba kama vidole vya mgonjwa. Akapanda kwa mzee wa pangoni akamlilia. Mzee akampa ufagio. "Kifagie." Mtu akarudi, akafagia kile kivuli tangu alfajiri mpaka jasho likamwingia machoni. Ilipofika adhuhuri, kivuli hakipo. Akapanda mbio kwenda kushukuru. Mzee akamuuliza, "Kimeenda wapi?" Akasema, "Alasiri kinaingia kwa jirani yangu." Mzee akasema, "Basi mpelekee ufagio."

Imeishia hapo. Usininunie.

Douya anapenda uyoga? Wa mwaka huu ni mororo sana.

Shangazi yako,
Zhirou


Mtaa wa Tanuri, siku ya kwanza ya mwezi wa tatu

Kwa Shangazi Zhirou

Shangazi, nakuamkia. Koti nimelimaliza, hili hapa ndani ya kifurushi. Najua utashangaa kwa haraka hii, kwa hiyo nieleze mwenyewe kabla hujaniuliza.

Hadithi yako niliisoma nikiwa nafua, nikaisoma tena nikiwa napepeta mchele, na nadhani safari hii nimeipata. Yule bwana wa figili alijichosha bure. Kivuli kingeondoka chenyewe, na ufagio haukufanya kitu. Nikasema moyoni, Shangazi ananiambia nisijitese, mambo yana mwendo wake. Nilikushukuru mpaka machozi yakanitoka, maana hakuna mtu mwingine katika dunia hii aliyeniambia nipumzike.

Ndiyo maana sikuzunguka mlango kwa mlango. Nilikwenda kwa fundi cherehani, Bwana Kong. Yeye ndiye anayeshona nguo za mtaa mzima, na chini ya meza yake ana gunia la mabaki. Nikawaza, kama nguo za wote zinapita mkononi mwake, basi mabaki yake ni ya nyumba zote. Mama mkwe alisema hiyo ndiyo akili ya kwanza kuiona kwangu tangu niolewe. Nimeshona wakati Douya amesinzia, mshono mfupi mfupi, nikaweka na bitana ili viraka visimkwaruze.

Uyoga anakula ukikatwa mdogo.

Mwanao,
Suyun


Hekalu la Chemchemi ya Juu, siku tatu baada ya sikukuu ya Kusafisha Makaburi

Suyun,

Mshono wako ni mzuri kuliko wangu, na nimeuonyesha kwa mbuzi wote wawili. Koti ninalirudisha.

Umenichekesha hata nikamwaga chai. Miaka yote niliyokaa huku sijaona mtu aliyeupindua ule ufagio vizuri hivi! Unajua mwalimu wangu angefanya nini? Angekuinamia, kisha angekutuma ukazunguke nyumba zote, na moja ya ziada. Bwana Kong ni fundi hodari, lakini gunia lake halijawahi kumfungulia mtu mlango na kumwambia karibu.

Chukua hadithi nyingine.

Konokono alialikwa harusini, bonde la pili. Akaondoka siku ile ile. Alipofika, maharusi walikuwa wanamposea mjukuu wao. Watu wakamcheka: "We konokono, harusi imeshasahaulika!" Akawauliza, "Kuna chakula?" Wakasema kipo. Akauliza, "Kuna nafasi?" Wakasema ipo. "Basi mimi nimefika harusini." Na siku ile kila mtu alikuwa akimuuliza habari za njiani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa ameiona njia.

Mfunge mtoto mgongoni, uanze na nyumba iliyo karibu.

Shangazi yako,
Zhirou


Mtaa wa Tanuri, siku ya kumi na tano ya mwezi wa tatu

Shangazi,

Leo sikuamkii. Nikitulia nitakuamkia mara mbili.

Mwanangu si konokono.

Nani kakwambia? Guangfu? Hajui hata posta iko wapi. Mama mkwe hajui kuandika. Nimewaza siku tatu na sijapata jibu, labda kweli mnaongea na miungu.

Basi na iwe wazi. Douya hatembei. Hajasimama hata kwa kushikwa mikono. Miguu yake ni mizuri, ina vidole vyake vyote, lakini ukimsimamisha inakunjika kama tambi. Si homa wala kikohozi kinachonimaliza. Kinachonimaliza ni kumficha. Mgeni akipiga hodi, mama mkwe anamfunika kwa mfarishi na kusema mtoto amelala. Mtaa mzima unadhani nina mtoto anayelala tangu azaliwe. Nachota maji watu wakiwa hawajatoka. Sijaketi mlangoni kwangu kubangua maharage kama wanawake wengine tangu mwaka juzi. Na wewe unaniambia nimfunge mgongoni nikagonge kila mlango, waje wamtazame miguu!

Nilikuuliza kwa kuzungukazunguka, sasa nakuuliza kavu. Mchukue akae kwako. Huko hakuna wa kumcheka. Wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini hapa duniani, na ningeweza kulala nikijua yuko na wewe. Mama mkwe amekubali. Guangfu aligeuza uso, akasema tena kwamba atafuata nitakaloamua.

Mimi nimechoka, Shangazi. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Suyun


Hekalu la Chemchemi ya Juu, siku ya Mvua ya Nafaka

Suyun mwanangu,

Hakuna aliyeniambia. Uliniletea kiatu cha mtoto wa mwaka wa tatu, na soli yake ni safi kama kisahani cha wageni. Nilijua siku ile ile. Nilingoja uniambie mwenyewe, na ulipokawia nikakuchokoza kwa konokono. Hasira yako imenifurahisha. Mtu aliyekwisha kabisa hakasiriki namna hiyo.

Sasa sikiliza, maana leo sina mafumbo. Nitamchukua. Akae hapa, ale hapa, nimlee mimi mpaka nife. Lakini kwanza uzunguke. Koti la kweli, kwa mdomo wako, naye akiwa mgongoni, miguu yake ikining'inia kila mtu aione. Ukimaliza, nitakuuliza mara moja tu kama bado unataka akae. Ukisema ndiyo, ndiyo. Sitakuuliza kwa nini, na hutaniona nikikutazama vibaya maisha yako yote.

Hilo ndilo sharti langu, na silipunguzi.

Anaogopa mbuzi?

Shangazi yako,
Zhirou


Mtaa wa Tanuri, siku ya ishirini ya mwezi wa nne

Kwa Shangazi Zhirou

Shangazi, nakuamkia. Na tena, nakuamkia. Nilikuahidi mara mbili.

Nimezunguka.

Nilianza na Mama Hu anayeuza tofu ya maharage, ukuta wa pili kutoka kwetu. Nilikuwa nimeandaa uongo wa akiba: anaumwa mguu, aliteguka, dawa imemlegeza. Akafungua, mikono myeupe ya maharage. "Nani? Mama Douya? Si mlihama nyie?"

"Nipo hapa hapa, dada."

"Basi ukuta wenu mnene!" Kisha akachungulia mgongoni kwangu, akapaza sauti ya kufika mtoni. "Mama Kong! Njoo uone! Ile siri imetoka nje! Haina hata pembe moja!" Mke wa fundi akaja mbio na sindano mdomoni, wakamzunguka mwanangu kama wananunua bata. Kumbe walikuwa wameshabishana, mmoja akisema nina mtoto mwenye pembe, mwingine akisema ana vichwa viwili. Shangazi, mimi nilikuwa najificha wasimwone miguu, na wao huko nje walishamtengenezea mambo makubwa kuliko miguu!

Mama Hu akauliza, "Na miguu hii vipi?"

Ule uongo wote ukanikimbia. Nikasema, "Haijashika." Nikafumba macho.

Akasema, "Mdomo je, umeshika?" Akamlisha ngozi ya tofu ya moto. Douya akameza, akafungua mdomo tena kama kifaranga. "Umeshika," akasema Mama Hu, akaingia ndani kuleta kitambaa.

Si wote waliokuwa hivyo. Mmoja alinipa kipande kupitia upenyo wa mlango kwa ncha za vidole, kana kwamba ulegevu unaambukiza. Mmoja aliniuliza kama nilivunja mwiko wa wajawazito nikala sungura nilipokuwa na mimba. Nilikipokea kile kipande, nikasema ahsante, nikaenda mlango unaofuata. Nilidhani maneno kama yale yangeniangusha barabarani. Yaliuma kama mwiba unavyouma, nikaendelea kutembea.

Kisha nyumba ya mke wa Meng, ambaye mama mkwe hajasema naye tangu bata wetu apotee. Nikaomba. Akasema, "Kitambaa cha kwangu kiingie nyumba ya yule mama? Aje aombe mwenyewe."

Nyuma yangu nikasikia, "Siombi! Namwombea mjukuu." Kumbe mama mkwe alikuwa akinifuata kwa mbali tangu asubuhi, akijibanza kwenye marundo ya vigae.

"Mjukuu unayemfunika mfarishi?"

"Na bata wangu uliyemfunika tumboni?"

"Bata wako alikufa kwa hasira ya kuishi na wewe!"

Wakavimbiana pale, mimi katikati, na Douya akaona ni mchezo unaochezwa kwa ajili yake. Akaanza kupiga makofi na kucheka kwa nguvu. Walipokuwa wanachelewa kujibizana, alikuwa anapiga kelele wakazane. Wote wawili wakamgeukia yeye. Mke wa Meng akaingia ndani, akatoka na kipande chekundu cha koti lake la harusi. Mama mkwe akakifikicha kati ya vidole. "Kimechoka."

"Kama wewe," akasema mke wa Meng. Na mama mkwe, Shangazi, akatabasamu! Nilidhani ni jino linamuuma.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Douya hukaa kwa Mama Hu, ndani ya kapu la maharage, akiwafokea wateja. Mfarishi umerudi kitandani. Juzi nililala mchana. Mchana, Shangazi! Nilipoamka sikujua ni mwezi gani, nikalia kidogo kwa raha.

Nimeufikiria sana ule ufagio. Sikuwa nimeona sehemu ya mwisho, ya kwenda kwa jirani. Ninyi wenye hadithi hizi mnaziacha wazi kama mlango, na mtu anaweza kuishi nje yake mwezi mzima asijue kuwa unafunguka. Sijui ulijifunza wapi kuwapenda watu kwa namna hii, bila kuwasukuma.

Koti limekamilika. Halina mpangilio wowote, na Bwana Kong amesikitika alipoliona.

Douya hajasimama. Nakwambia usije ukafikiri barua hii inaelekea huko.

Mwanao,
Suyun


Hekalu la Chemchemi ya Juu, siku sita baada ya Nafaka Kujaa

Suyun mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote mwaka huu. Mlipofika kwa mke wa Meng nilisimama, nikaisoma nikitembea. Unaniuliza nilijifunza wapi. Mimi nilikaa juu ya mwamba nikakurushia hadithi. Aliyezunguka ni wewe, na mwanao mgongoni, na ukaambiwa habari za sungura ukasema ahsante. Nimeishi na watawa wenye ndevu nyeupe ambao wasingeweza hilo.

Njooni siku ya sita ya mwezi wa sita, siku tunayoanika vitabu na majoho ya hekalu juani. Ni siku njema ya kumpa jina. Ndiyo siku nitakayokuuliza lile swali langu.

Nimeziba upenyo wa chini ya mlango wa chumba cha mashariki, upepo hauingii tena. Douya hulala na taa au gizani? Hulalia upande gani? Bakuli anashika mwenyewe? Mbuzi mdogo nimempunguza pembe kidogo kwa msasa, hakuumia. Kuna kijiti cha mbao ya msonobari nimekichonga kama bata, lakini shingo imetoka nene.

Nilitaka kukuandikia hadithi. Nimekaa nayo tangu asubuhi, haiji.

Shangazi yako,
Zhirou


Mtaa wa Tanuri, siku ya sita ya mwezi wa tano

Kwa Shangazi Zhirou

Shangazi, nakuamkia kwa heshima, na kwa heshima ile ile nakuomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Ni barua yako ya kwanza isiyo na hadithi, ukiondoa ile ya sharti. Niliigeuza nyuma nikidhani umeiandika huko. Ndipo nikairudia polepole. Upenyo wa mlango. Taa. Upande wa kulalia. Pembe za mbuzi! Mtu hapigi mbuzi msasa kwa ajili ya mtoto wa jina tu.

Umeniahidi utaniuliza mara moja. Usiniulize siku ile, mbele ya watu, na Douya akiwa amekaa mapajani pako. Nitakujibu sasa ili tusiumizane: hakai. Anakuja kupewa jina, anarudi nyumbani.

Nilipokuomba umchukue sikuwa nasema uongo. Siku ile ningekupa na nguo nilizovaa. Lakini niliyetaka kumpa alikuwa mtoto aliyefunikwa mfarishi, na huyo sasa hayupo. Huyu aliyepo anafokea wateja wa tofu. Bado mzito, bado hasimami, na jana alinitapikia kichwani. Bado nachoka, Shangazi, wala usidhani nimekuwa mtakatifu. Ila ni uchovu wangu. Naujua unapoanzia na unapokwisha.

Kwa kuwa hadithi ilikukataa, nakupa ya kwangu. Nimeitunga nikimkanda miguu, kwa hiyo usiitafute vitabuni.

Mwanamke alikuwa anatoka msituni na mzigo wa kuni zilizonyeshewa. Akakutana na mmoja wa wale wazee wasiokufa, wanaotembea bila kukanyaga nyasi. Mzee akamhurumia. "Nipe nikubebee." Akauchukua mzigo kwa kidole, mwanamke akafuata nyuma mikono mitupu, akiimba. Walipofika, akataka kuwasha moto, asijue ashike kijiti gani. Siku zote mgongo wake ndio uliokuwa unamwambia: hizi za kushoto zina maji, hizi za juu zimeanza kukauka. Siku ile mgongo haukujua kitu. Wakakaa baridini, yeye na asiyekufa, wakitazamana. Mwisho mzee akasema, "Nilikosa nini?" Mwanamke akamjibu, "Hukukosa kitu, babu. Kesho njoo unipokee njia panda, tupumzike, unipe maji. Kisha unisaidie kuupandisha tena mgongoni."

Chumvi tia mwenyewe.

Najua ninachokunyima. Ungemlea vizuri kuliko mimi, usingempigia kelele hata mara moja. Ndiyo maana naandika haraka kabla sijalegea.

Tutakuja na mama mkwe. Amesema atakuja kukagua kama uyoga ni wa bure kweli.

Mwanao anayekupenda,
Suyun


Hekalu la Chemchemi ya Juu, siku ya Ndevu za Masuke

Suyun mwanangu,

Nimekaa chini kama ulivyoniagiza.

Kweli, nilikuwa nimeanza kutengeneza kitanda. Kifupi, chenye ubavu ili asianguke. Tangu nilipopata kiatu chake nilikuwa nikikusukuma umbebe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikimpigia randa kitanda, na mikono hiyo miwili haikuwa imeambiana. Mwalimu wangu angecheka mpaka paa litikisike. Kila mwaka nawafundisha watu wanaopanda hapa namna ya kuachia kitu. Nawaambia fungueni vidole, ni rahisi. Waliokuwa wakinisikiliza walikuwa wapole sana, hakuna aliyeniuliza mara ya mwisho niliachia nini.

Hadithi yako ni nzuri. Nimejaribu kuitia chumvi na nimeona imeshakolea. Nitaisimulia kwa wageni, na nitasema ni ya mwanangu wa Mtaa wa Tanuri, anayeshona mshono mfupi na kusema hapana bila kupandisha sauti. Mwambie mama mkwe uyoga ni wa bure, ila anauchuma mwenyewe.

Njooni siku ya sita. Nitamvisha kufuli, nitamtaja kwa jina mbele ya madhabahu, atakuwa mtoto wa hekalu kwa jina, na wa kwenu kwa mengine yote. Tutakula pamoja. Hilo swali sitaliuliza.

Nina ombi moja. Mteremko ni mrefu na mimi ninajijua. Baada ya chakula nitasema kuna keki ya tende bado iko jikoni. Nitasema jua ni kali, ngojeni kidogo. Nitataka kumwonyesha chemchemi. Ukiona nazidi kukumiminia chai, usinionee haya kwa sababu mimi ni shangazi yako. Simama. Mfunge mwanao mgongoni, mwondoke kungali mchana.

Zhirou